Wanafunzi 60, Jumamosi 3 na mtaa wenye mtaro ulioziba: tuanzie wapi?

Kiongozi wa Klabu

Wakuu, salaam. Klabu yetu ya kujitolea chuoni imeelewana na uongozi wa mtaa unaopakana na chuo kwamba muhula huu tusaidie kuuinua mtaa huo. Waliojiandikisha ni 60. Tuna Jumamosi 3 zisizo na vipindi, saa 4 za kazi kila asubuhi, na fedha ya vifaa ambayo si nyingi.

Kazi zilizopendekezwa kwenye kikao cha wanachama ni hizi: kuzibua mtaro wa barabara ya ndani (urefu mita 120, upana sentimita 60, kina sentimita 50, tope limefika sentimita 30), kupaka rangi uzio wa shule ya awali upande wa nje (mita 40 kwa mita 2, uzio umepakana na mtaro), kusafisha kiwanja kilichogeuka jalala, na kupanda miti 30 humo kiwanjani. Mpango wa awali ni Jumamosi ya kwanza rangi ili watu waone mabadiliko mapema, ya pili kiwanja na miti, ya tatu mtaro.

Je, mpangilio uko sawa? Vifaa tuandae kiasi gani? Na nini huharibika baada ya wanafunzi kuondoka? Naomba majibu yenye vipimo. Ya kutiana moyo tumeshapata ya kutosha.

FundiMitaro

Mkuu, mpango wako umesimama kichwa chini miguu juu. Maji kwanza, rangi mwisho. Ukuta uliopakana na mtaro ulioziba hunyonya unyevu kutoka chini na kurushiwa tope kila mvua inaponyesha. Ukiupaka wiki ya kwanza, halafu wiki ya tatu mkaja kutupa tope kando yake, mtakuwa mmenunua rangi ya kuchafua.

Kabla ya koleo la kwanza, pima mteremko. Mitaro mingi "iliyoziba" haikuzibwa na takataka peke yake. Ilijengwa tambarare mno, maji yakapunguza mwendo, mchanga ukatua, takataka zikanasa juu ya mchanga. Mtaro wa maji ya mvua unahitaji mteremko wa angalau milimita 5 kwa kila mita, maana yake kwa mita 120 zako sakafu ya mwisho iwe chini ya ile ya mwanzo kwa sentimita 60. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 20 na ushee, ujaze maji, hakikisha hakuna kiputo hata kimoja (kiputo kinadanganya kipimo), kisha hamisha kipimo hatua kwa hatua mara 6, kila mara ukichoma fimbo ya kupimia kwenye tope hadi kufikia sakafu ya mtaro yenyewe. Msipime juu ya tope. Wanafunzi wa uhandisi watafanya kazi hiyo kwa saa 2. Ukikuta tofauti ni sentimita 25 badala ya 60, waambie wakazi mapema kwamba mtaro utajaa tena baada ya misimu miwili mitatu na kwamba dawa yake ni kuchimbua sakafu, kazi ambayo si ya wanafunzi.

Sasa hesabu. 120 × 0.6 × 0.3 ni mita za ujazo 21.6. Tope likichimbwa huumuka, ongeza robo, utabeba kama 27. Toroli ukilijaza bila kumwaga njiani linachukua lita 50 hivi, uzito kilo 65. Hizo ni safari 540. Asiyezoea koleo hutoa robo ya mita ya ujazo kwa saa, hapo tope likiwa na mifuko na matambara yaliyonasana.

Anzieni mdomo wa chini, kule maji yanakomwagikia, mpande kwenda juu. Wengi huanzia juu kwa sababu ndiko kunakofikika kirahisi. Maji yaliyotuama hushuka na kulifanya tope la chini uji usiokaa kwenye koleo. Chini kukifunguka, mtaro hujimwaga wenyewe wiki nzima, na Jumamosi inayofuata tope la juu linakatika vipandevipande.

Kwa hiyo Jumamosi ya 1 mita 60 za chini, Jumamosi ya 2 mita 60 za juu. Gawa mita 60 kwa vipande 3 vya mita 20, kila kipande watu 10: 4 ndani ya mtaro, mmoja kila mita 5 ili makoleo yasigongane, 4 kwenye matoroli, 2 wa kupokezana kila dakika 20. Wanne wanatoa mita 1 ya ujazo kwa saa, kipande kina 3.6, mnamaliza saa 4 zikikaribia. Jumla 30. Ongeza 4 wa kuchambua takataka, 2 wa maji ya kunywa na huduma ya kwanza, 2 wa kuongoza wapita njia. Watu 38. Mtaro mmoja hauwezi kubeba 60. Wakizidi wanaanza kusimama na kupiga picha, na anayechimba akiwaona naye anapunguza kasi.

Vifaa: koleo 15 (3 ni akiba, mipini itavunjika), matoroli 12, majembe 6, sururu 3, reki 4, ndoo 10, mbao nene 6 za kupitishia matoroli. Usisahau pampu ya upepo na viraka. Toroli lenye tairi bapa ni watu wawili wasio na kazi.

Na hapa ndipo mipango mingi inakwama: tope likitoka mtaroni linapandaje kwenye lori? Toroli halimwagi kwenye bodi yenye urefu wa mita moja na nusu. Mkilirundika chini na kulipakia tena kwa koleo, mmefanya kazi ileile mara mbili, ya pili ikiwa ngumu kuliko ya kwanza. Tafuteni tela la trekta lenye bodi ya chini na mlipangie ngazi ya mbao, au kodini mashine ya kupakia kwa saa moja tu mwishoni, tope likiwa limerundikwa juu ya turubai sehemu moja ngumu. Lori la mita za ujazo 7 litakwenda safari 2 kila Jumamosi. Liondoke siku hiyohiyo. Tope linaloachwa ukingoni "likauke kwanza" hurudi mtaroni mvua ya kwanza, tena likiwa laini zaidi.

Afya Mazingira

Naongezea upande wa usalama, maana hesabu ya FundiMitaro nzuri lakini watu hao 30 watasimama kwenye maji machafu.

Gambuti kwa kila anayeingia mtaroni, si raba. Glavu ziwe za mpira mzito zinazofika nusu ya mkono. Zile za kitambaa hunyonya maji machafu na kuyashikilia kwenye ngozi saa nzima. Mwenye kidonda wazi mguuni au mkononi apewe kazi ya juu, hata akisema kidonda ni kidogo. Panya wanakojoa mitaroni, na ugonjwa wa leptospira hupitia michubuko midogo kabisa. Homa kali na maumivu ya misuli huja mara nyingi siku 5 hadi 14 baadaye, wakati hakuna anayekumbuka mtaro. Waandikieni washiriki wote ujumbe wiki iliyofuata: mwenye homa aende kituo cha afya na amwambie daktari kwamba alifanya kazi mtaroni. Chanjo ya pepopunda iangaliwe wakati wa kujiandikisha, kwenye fomu ileile.

Sindano mtazikuta. Hakuna anayeokota kwa mkono, hata wenye glavu. Koleo dogo la kubania, na chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, ijazwe robo tatu tu kisha ifungwe na ipelekwe kituo cha afya. Msiitupe kwenye gunia. Anayebeba gunia hulikumbatia pajani. Aliyechomwa aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, asiminye wala kunyonya, na apelekwe saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina mwisho wa saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa. Kwa hiyo mratibu awe anajua kabla ni kituo gani kinazo na kama kinafungua Jumamosi.

Kalvati na chemba zilizofunikwa: mtu asiingize hata kichwa. Tope linalooza hutoa gesi ya sumu, salfaidi ya haidrojeni. Ikiwa kidogo inanuka yai viza, ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa, hivyo kutosikia harufu kusikutie imani. Kalvati huzibuliwa kwa mti mrefu au vyuma vya kuunganisha kutoka nje, pande zote mbili. Ikigoma, waachieni wenye vifaa.

Takataka za kiwanjani msichome. Plastiki na betri zikiungua moshi wake unaingia kwenye shule ya awali mliyokuja kuisaidia.

Karatasi Kwanza

Wenzangu wamejibu ya koleo. Mimi nimesimama kwenye sentensi moja ya mwenye mada: kazi zilipendekezwa "kwenye kikao cha wanachama". Wakazi wako wapi humo? Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika kuhusu mipango miji, alichora mwaka 1969 ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vipandio 8, na kuombwa maoni ni cha 4 tu, kwa sababu anayeombwa maoni bado hana nguvu ya kubadilisha uamuzi. Nyie hata kwenye cha 4 hamjafika. Kuelewana na uongozi wa mtaa ni kupata ruhusa ya kuingia. Hamjasikia bado mtaa unataka nini.

Kurekebisha hilo si kazi ya miezi. Tembeeni mtaa mzima kwa mguu saa moja na nusu, wanafunzi 4 na wakazi 6 hadi 8, mkiandika kila kitu kinachoonyeshwa na mkazi, si na mwanafunzi. Kisha kaeni na makundi manne mbalimbali: wanawake, vijana, wenye nyumba, wapangaji. Yasichanganywe, kwa sababu mpangaji hasemi mbele ya mwenye nyumba wake. Chora kila tatizo kwenye karatasi, kila mtu apewe mbegu 3 aziweke anapotaka. Dakika 40 kwa kundi. Mara nyingi hujitokeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye orodha: njia isiyo na taa, bomba la jumuiya linalovuja, daraja la miguu lililooza. Msiogope orodha yenu ikibadilika. Mtaro kwa kawaida unabaki juu, rangi hushuka.

Kiwanja sasa. Ni cha nani? Jalala lina ulinzi wake: hakuna anayelitaka. Likisafishwa linakuwa ardhi tupu yenye thamani, na ndani ya miezi michache atatokea mtu na uzio, pengine na karatasi. Kama kiwanja ni cha umma, pateni maandishi ya mamlaka yanayotaja mipaka na matumizi, na mipaka iwekewe alama siku ya usafi, mbele ya majirani wote. Kama ni cha mtu binafsi, saini yake iwepo na kipindi kitajwe. Kama hajulikani, msikiguse muhula huu. Najua inauma, ila kusafisha ardhi ya mgogoro ni kuchagua upande bila kujua.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, nakala tatu: chuo, uongozi wa mtaa, kamati ya wakazi. Yataje kazi yenyewe kwa vipimo, nani analipia lori, tope linapelekwa wapi (pateni jina la mahali, "dampo" haitoshi), nani anawajibika bomba au waya ukikatwa, na baada ya siku ya mwisho nani anatunza nini. Bima ya wanafunzi muulize mlezi wa wanafunzi kwa maandishi kama inafanya kazi nje ya eneo la chuo. Nyingi zinaishia getini mpaka shughuli isajiliwe kuwa ya chuo. Picha za watoto wa shule ya awali hazipigwi bila ridhaa ya wazazi.

Utunzaji ndio unaoua miradi hii. "Wananchi watatunza" haina mwenyewe. Andikeni majina ya kaya kwa vipande: kila mita 20 za mtaro zina kaya zake. Pakeni mstari wa rangi kwenye ukuta wa ndani wa mtaro, sentimita 15 kutoka sakafuni, kila mita 10. Tope likigusa mstari, kipande hicho kinazibuliwa. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuuona na kusema, na hakuna mabishano kama mtaro "umeanza kujaa" au la. Acheni vifaa mtaani: koleo 4, matoroli 2, reki 2, kwa kusainiana, vikae mahali ambapo ufunguo una mtu zaidi ya mmoja.

Halafu uongozi wa klabu hubadilika kila mwaka na namba za simu huondoka nao. Jalada moja la karatasi libaki ofisi ya mlezi: makubaliano, mchoro wa mteremko, orodha ya kaya, picha za kabla na baada zilizopigwa mahali palepale.

Jambo la mwisho halipendwi kuzungumzwa. Mtaa ukipendeza, kodi za nyumba hupanda. Hamwezi kulizuia kwa koleo, ila mnaweza kuchagua kazi zinazowafaa wapangaji moja kwa moja (maji, taa, njia) kabla ya zile zinazopendezesha sura ya barabara, na kwenye kikao mkawauliza wenye nyumba mbele za watu wana mpango gani.

Kiongozi wa Klabu

Wakuu, nimeelewa, na wanachama wameanza kuelewa pia. Mtaro unachukua Jumamosi mbili za mwanzo, kiwanja tunakisimamisha mpaka umiliki ujulikane. Yamebaki manne: (1) watu 22 waliobaki wafanye nini, (2) rangi ya uzio, kiasi na namna, (3) vijana wa mtaa wanaomba posho, tuwape? (4) baadhi ya wakazi wanataka mtaro wote ufunikwe kwa zege.

Rola na Brashi

La pili naliweza. Watu 22 wako wanaingia humohumo.

Mita 40 kwa 2 ni mita za mraba 80. Kwenye lipu iliyokwaruza lita 1 ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 7 hivi kwa mkono mmoja (yaani mpako mmoja). Kwenye lipu laini ingefika 10 hadi 12, lakini nyuzo haziwi laini. Mikono miwili ni lita 23. Nunua ndoo ya lita 20 na kopo la lita 4, zote zenye namba moja ya toleo, la sivyo kopo la nyongeza litaonekana kama kiraka. Mkono wa kwanza uzimue kwa maji asilimia 10 hadi 20 ili uingie ndani. Wa pili usizimue. Acha saa 4 katikati yake, na usianze kama mvua imekaribia.

Ila rangi ni siku moja. Maandalizi ndiyo kazi. Jumamosi ya 1 na ya 2, wakati wengine wako mtaroni, watu 10 waanze na ukuta: brashi za waya kuondoa rangi inayobanduka, kuosha, kuziba nyufa kwa saruji na mchanga 1 kwa 4. Viraka vipya vya saruji vinahitaji wiki 4 kabla ya rangi, vinginevyo chumvi na ukali wa saruji vitaitoboa. Kwa ratiba yako haziwezekani, kwa hiyo ama sukuma rangi mbele mwezi mmoja (ningefanya hivyo), ama paka chokaa, ambayo haigombani na saruji mbichi.

Kama kuna rangi ya zamani ya mafuta, msiikwangue kavu wala kuipiga msasa kavu, kwani inaweza kuwa na madini ya risasi, na hapo ndani kuna watoto wadogo. Lowesheni maji, kwangueni ikiwa mbichi, tandazeni turubai chini, kusanyeni maganda yote. Kama mnapaka chokaa, lazima hiyo rangi ya mafuta itoke kabisa; juu yake chokaa haishiki, itadondoka kama magamba.

Pima unyevu kwanza. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, acha saa 24. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta una maji ndani na rangi yoyote itavimba. Pima upya wiki 3 baada ya mtaro kufunguka. Sentimita 50 za chini zipakwe chokaa hata kama juu ni rangi, maana chokaa inaruhusu ukuta kupumua, na kuirudia kila mwaka ni kazi ya asubuhi moja. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 kisha hospitali. Miwani ya kazi kwa kila mpakaji, bila mjadala.

Wapakaji wasizidi 12. Rola 6 za manyoya marefu kwa lipu ya kukwaruza, brashi 6 za pembeni, na watu 2 wa kukoroga na kuangalia michirizi. Michoro na maneno ya klabu yenu msiweke. Uzio ni wa shule.

FundiMitaro

Kuhusu posho. Wenzangu wengi watasema usilipe, kwamba mkilipa leo kesho hakuna atakayejitokeza bure. Nakubali kwa kazi ya koleo ya asubuhi moja: kila mtu, mwanafunzi na mkazi, afanye bure na ale kilekile. Lakini kama kuna vijana ambao riziki yao ya kawaida ni kuzibua mitaro hiyo, mnapokuja 60 bure mnawanyang'anya kazi. Hao waajirini kama wasimamizi, mmoja kwa kila kipande cha mita 20, kwa malipo ya fundi ya kutwa. Ni watu 3, na watawaonyesha mnavyoshika koleo vibaya.

Karatasi Kwanza

Napingana kidogo. Usimamizi walipwe, sawa, ila jina la anayelipwa na kiasi vitangazwe kwenye kikao kabla ya siku. Malipo ya chini kwa chini yakigundulika katikati ya kazi, wakazi wengine wanaweka koleo chini na hawarudi. Na wahesabuni wakazi siku hiyo. Wakiwa chini ya theluthi ya wanaofanya kazi, simamisheni, ulizeni kwa nini. Huwa ni saa mbaya, siku ya soko au ya ibada, au hawakuulizwa.

Mche Mmoja

Miti 30 sijaona aliyeigusa, kwa hiyo kwa kifupi. Mche mmoja msimu wa kiangazi unataka lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche 30 ni lita 600 kila wiki, ndoo 30 za lita 20, zibebwe na nani wakati chuo kimefungwa? Anza na miche 8, karibu na milango ya kaya zilizosema zinaitaka, kiwanja kisubiri.

Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando na urudi chini ya mizizi ukichanganywa na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa (mbichi inaunguza). Mfuko wa nailoni utolewe wote. Kuutoboa tu hakutoshi, mizizi huzunguka humo na mti huanguka ukiwa na miaka mitano. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi. Majani makavu sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo, yasiguse shina. Mita 4 au 5 kutoka ukutani na kwenye mtaro, na kamwe si chini ya nyaya za umeme. Mpande mvua zikianza, si zikiisha, hata kama kalenda ya chuo inasema vingine. Kila mche na uzio wake wa miti mitatu, mbuzi hawahudhurii vikao.

Andikeni idadi ya miche iliyo hai baada ya miezi 12. Ile ya iliyopandwa haisemi kitu.

FundiMitaro

Swali la nne nimeliacha makusudi hadi mwisho kwa sababu jibu ni hapana. Mtaro uliofunikwa wote hauzibuliwi. Unaziba chini kwa chini na hakuna anayejua mpaka maji yaingie majumbani. Funikeni kwenye milango na vivuko tu, kwingine kubaki wazi. Wakitaka kuzuia takataka, wekeni chujio la nondo mwanzoni mwa mtaro, kule maji yanakoingilia, nafasi ya sentimita 5 kati ya nondo na nondo, likiwa limelala kidogo kufuata maji ili liweze kukwanguliwa kwa reki. Chujio hilo lisafishwe kila wiki na kila baada ya mvua. Likisahaulika, lenyewe ndilo linakuwa ukuta.

Mifuniko ya vivuko wanafunzi wanaweza kuitengeneza, na hii ndiyo kazi nzuri ya hao waliobaki. Urefu sentimita 80 ili kila upande ukae sentimita 10 juu ya ukuta wa mtaro, upana 40, unene 8. Uzito wake unapita kilo 60, hivyo kila mfuniko uwe na mishikio 2 ya nondo na unyanyuliwe na watu 4. Upana ukizidi hapo hautanyanyuliwa tena, na mfuniko usionyanyulika ni sawa na mtaro uliofunikwa wote. Huu ni wa watu wa miguu na baiskeli. Gari likipita hapo, hesabu ni nyingine na ifanywe na mhandisi.

Nondo za milimita 10, kila sentimita 15, pande zote mbili, zikae chini, zikiinuliwa kwa vijiwe vya saruji vya sentimita 2 hadi 2.5. Zege 1:2:4. Mfuko wa kilo 50 unatoa mifuniko 5 hivi, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, pungufu zaidi kama mchanga umelowa. Wanafunzi hupenda kuongeza maji ili likorogeke kirahisi. Zege hilo linamwagika vizuri, kisha linapasuka. Limwagwe ndani ya saa moja tangu maji yalipoingia. Magunia yaliyoloweshwa juu yake siku 7, mara mbili kwa siku, na msiubebeshe mzigo kabla ya siku 28. Kwa hiyo imwageni Jumamosi ya 1, si ya 3, na kuipanga mahali pake ipangeni siku ya rangi, mkiwa mmeisukuma mbele mwezi mmoja.

Kosa linalovunja mifuniko mingi ni kuigeuza wakati wa kuipanga, upande wenye nondo ukawa juu. Zege likiwa bado bichi, andika JUU kwa msumari kwenye kila mfuniko.